Ukihamia winguni, dhamana haihami

Chukua faili moja tu. Ni jedwali la wateja elfu arobaini: majina, namba za simu, tarehe za kuzaliwa, na safu ya mwisho inayoonyesha nani anadaiwa kiasi gani. Hadi jana faili hilo lilikaa kwenye seva iliyofungiwa chumbani, na ufunguo wa chumba alikuwa nao mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Leo asubuhi ofisa wa TEHAMA amelipandisha kwenye huduma ya wingu, yaani kwenye seva za kampuni nyingine zinazokodiwa kupitia mtandao. Kazi imechukua dakika tatu, na ofisi nzima imefurahi kwa sababu sasa faili linafunguka haraka, popote, hata kwa simu.

Sasa faili liko wapi? Liko sehemu kadhaa kwa mpigo. Huduma za kuhifadhi mafaili winguni huweka nakala zaidi ya moja, mara nyingi katika majengo tofauti, ili diski moja ikifa faili lisipotee. Ipo nakala rudufu inayochukuliwa kila usiku. Ipo nakala nyingine iliyobaki kwenye simu ya meneja aliyelifungua akiwa safarini. Nani anaruhusiwa kulifungua? Nani anashika ufunguo wa kulisimbua, yaani wa kulirudisha lisomeke baada ya kufichwa kwa msimbo? Likivuja, nani atakuwa wa kwanza kujua? Na mteja mmoja kati ya wale elfu arobaini akidai taarifa zake zifutwe, zitafutwa kwenye nakala ngapi?

Taasisi nyingi hujibu maswali haya yote kwa sentensi moja: hayo anayashughulikia mtoa huduma. Sentensi hiyo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo nitakayoyaeleza hapa. Kiswahili kina neno linaloliweka jambo hili wazi kuliko istilahi za kitaalamu, nalo ni amana. Mtu akikuwekea amana, nawe ukaenda kuiweka kwa mwingine mwenye sanduku imara zaidi, umefanya jambo la busara pengine. Lakini siku mwenyewe akija kuitaka, atabisha hodi kwako. Hamjui huyo wa sanduku, wala hakukubaliana naye lolote.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Kanuni ya Ulaya iitwayo GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inamtenganisha anayeamua kwa nini na kwa namna gani taarifa zitumike, na yule anayezichakata kwa niaba yake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 inawaita mkusanyaji na mchakataji, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inafuata mgawanyo wa namna hiyo. Mtoa huduma ya wingu kwa kawaida ni mchakataji. Ana wajibu wake, na anaweza kuadhibiwa kwa makosa yake, lakini anayetakiwa kusimama mbele ya mamlaka na mbele ya mwenye taarifa ni mkusanyaji, yaani wewe.

Mstari unaopita katikati

Watoa huduma wakubwa hawalifichi jambo hili. Amazon, Microsoft na Google wote wamechapisha maelezo ya kile wanachokiita wajibu wa pamoja: wao wanalilinda wingu lenyewe, mteja anakilinda alichokiweka ndani. Majengo, umeme, walinzi, diski, nyaya na programu ya chini inayogawa seva moja kwa wateja wengi ni kazi yao. Nani ana akaunti, nani anaruhusiwa kusoma nini, ghala gani la mafaili liko wazi kwa umma, hayo ni yako.

Ugumu ni kwamba mstari huu hausimami mahali pamoja. Ukikodi seva tupu, wewe ndiye unayeweka viraka, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu, kwenye mfumo endeshi. Ukikodi hifadhidata iliyo tayari, viraka ni kazi yao, lakini nywila na mitandao inayoruhusiwa kuingia ni kazi yako. Ukikodi programu kamili, kwa mfano ya barua pepe au ya uhasibu, karibu kila kitu ni chao isipokuwa watumiaji, ruhusa, mipangilio na data zenyewe. Taasisi ya kawaida inatumia aina zote tatu kwa wakati mmoja, kutoka kwa watoa huduma wanne au watano, kwa hiyo ina mistari mingi inayopindapinda. Madhara makubwa hutokea pale ambapo kila upande unadhani sehemu fulani inalindwa na mwenzake.

Nisieleweke vibaya. Kwa taasisi ndogo yenye mtu mmoja wa TEHAMA na seva iliyokosa viraka tangu mwaka juzi, kuhamia winguni mara nyingi huongeza usalama. Hakuna ofisi ya kawaida inayoweza kuajiri walinzi, wahandisi na wataalamu wa usalama kwa idadi waliyonayo watoa huduma wakubwa. Ninachopinga ni imani kwamba ukinunua ulinzi wa jengo umenunua na ulinzi wa faili.

Ombi moja lililopita

Kisa cha benki ya Marekani iitwayo Capital One kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kosa la kawaida la winguni. Benki hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa miongoni mwa benki za kwanza kubwa kuhamishia kazi zake kwenye wingu la Amazon, na ilikuwa na wahandisi wazuri.

Seva ya kukodi kwenye wingu hilo ina njia ya kujiuliza habari zake yenyewe. Inapiga anwani 169.254.169.254, ambayo haifikiki kutoka nje, na kupitia anwani hiyo inaweza kupewa hati za muda za kuingilia huduma nyingine. Ni mpango mzuri, kwa sababu unaepusha watu kuandika nywila ndani ya programu. Machi 2019 mdukuzi aligundua kwamba kizuizi kilichowekwa kuchuja maombi ya wavuti ya benki kilikuwa kimesanidiwa vibaya: ukikituma kwa ujanja, kinakwenda kukuulizia swali hilo la ndani na kukurudishia jibu. Akakituma. Kikaleta hati.

Hadi hapo hasara ingeweza kuwa ndogo. Kizuizi cha kuchuja maombi kinahitaji ruhusa chache sana ili kifanye kazi yake. Lakini hati zile zilikuwa na ruhusa ya kuorodhesha maghala ya mafaili ya benki na kuyasoma. Taarifa za watu takriban milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Kanada zikatoka, wengi wao wakiwa watu waliowahi kuomba kadi za mkopo. Benki ilikuja kujua Julai, baada ya mtu wa nje kuwaandikia barua pepe kwamba data zao zimeonekana hadharani.

Wengi huuliza: je, data hazikuwa zimesimbwa? Benki yenyewe ilieleza kwamba inasimba data zake kama desturi, ila katika mazingira ya tukio hilo aliyeingia aliweza pia kuzisimbua. Usimbaji wa winguni mara nyingi hufunguka wenyewe kwa kila mwenye ruhusa ya kusoma. Unamzuia mtu anayeiba diski kutoka jengoni. Haumzuii anayekuja na hati halali mkononi, kwa sababu mfumo unamwona ni mwenyeji.

Agosti 2020 mamlaka ya Marekani inayosimamia benki za kitaifa iliitoza Capital One faini ya dola milioni 80. Sababu waliyoitaja ni ya kutulia nayo: benki ilishindwa kuweka utaratibu madhubuti wa kutathmini hatari kabla ya kuhamishia shughuli zake muhimu kwenye wingu la umma. Aliyedukua alipita kwenye kipengele cha wingu la Amazon, lakini anayelipa faini ni benki. Amazon ilitoa toleo gumu zaidi la njia ile ya hati Novemba 2019.

Ukikaa na wahandisi utaona ruhusa pana kupita kiasi zinavyozaliwa. Ni saa kumi na moja jioni, mfumo mpya lazima uwe hewani kesho, na programu inagoma kusoma ghala la mafaili. Mhandisi anajaribu ruhusa moja, inakataa. Anajaribu ya pili, inakataa. Mwishowe anaandika alama ya nyota, ambayo kwenye lugha ya mifumo hii ina maana ya yote: matendo yote, kwenye rasilimali zote. Programu inafanya kazi. Anajiambia atarudi Jumatatu kuipunguza. Jumatatu kuna dharura nyingine, na nyota inabaki pale miaka mitatu. Hakuna nia mbaya hata chembe, na hakuna mlinzi wa mlangoni ambaye angeona kitu.

Mlango wa kawaida ni nywila

Ni rahisi kuvutiwa na udukuzi wa kiufundi ukasahau kwamba wengi huingia kwa ufunguo halali ulioibwa. Mwaka 2024 wateja wa Snowflake, huduma ya kuhifadhi na kuchambua data, waliibiwa mmoja baada ya mwingine. Wachunguzi wa Mandiant, kampuni ya usalama wa mtandao, walisema taasisi takriban 165 zilitaarifiwa kwamba huenda zimeathirika. Hawakukuta dalili kwamba mifumo ya Snowflake yenyewe ilivunjwa. Wezi walikuwa na nywila zilizonaswa na programu hasidi kwenye kompyuta za watumiaji, baadhi zikiwa za tangu mwaka 2020, na akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na uthibitishaji wa hatua ya pili, kama vile namba ya siri inayoletwa kwenye simu baada ya nywila. Nywila ya miaka minne iliyopita ilikuwa bado inafungua mlango.

Na akaunti ya msimamizi ikishikwa, yanayofuata ni ya kutisha kuliko kuvuja. Juni 2014 kampuni iitwayo Code Spaces, iliyowahifadhia watu programu zao, iliingiliwa kwenye paneli yake ya usimamizi ya Amazon na mtu aliyedai fedha. Walipojaribu kumtoa, akaanza kufuta. Ndani ya saa 12 sehemu kubwa ya data zao, seva zao na nakala zao rudufu zilikuwa zimetoweka, kwa sababu vyote vilikuwa vinafikika kutoka paneli moja. Kampuni ilifunga. Mdukuzi hakuhitaji kuvunja usimbaji wowote. Alihitaji kitufe cha kufuta tu, na kitufe hicho winguni kinafuta chumba kizima cha seva kwa sekunde.

Ndiyo maana nakala rudufu iliyo chini ya akaunti ileile mimi siiiti nakala rudufu. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijikuta mazingira yake kwenye wingu la Google yamefutwa. Hakukuwa na mdukuzi. Chombo cha ndani cha Google kilipotumika kuandaa mazingira hayo, nafasi moja iliachwa tupu, mfumo ukaijaza wenyewe kwa muda wa mwaka mmoja, na mwaka ulipoisha ukafuta. Mfuko ulipona kwa sababu ulikuwa na nakala zilizohifadhiwa kando, zikiwemo kwa mtoa huduma mwingine. Na mtambo unaweza kuungua kwa moto halisi pia: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao zilikuwa kwenye eneo lilelile lililoungua.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Winguni daftari hilo ni kumbukumbu za matukio: nani ameingia, saa ngapi, kutoka wapi, amefungua nini. Bila hizo huwezi kumwambia mdhibiti ni taarifa za watu wangapi zimevuja, na ukishindwa kusema, utalazimika kuchukulia kwamba ni zote.

Mwaka 2023 wadukuzi waliohusishwa na China walipata ufunguo wa Microsoft wa kutia sahihi hati za kuingilia, ufunguo wa tangu mwaka 2016, wakautumia kusoma barua pepe za taasisi 22 duniani. Kosa safari hii lilikuwa la mtoa huduma, na bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza ilisema hivyo kwa lugha kali mwaka uliofuata. Lakini linalonigusa ni namna lilivyogunduliwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ndiyo iliyoshtuka Juni 2023, na iliweza kushtuka kwa sababu ilikuwa inalipia kiwango cha juu cha leseni, chenye kumbukumbu zinazoonyesha kila barua inapofunguliwa. Wenye leseni ya bei ndogo hawakuwa na kumbukumbu hizo. Waliibiwa vilevile, ila hawakuwa na pa kutazama. Baada ya kelele, Microsoft ilitangaza kupanua kumbukumbu hizo kwa wateja zaidi bila malipo ya ziada, na kurefusha muda wa kawaida wa kuzitunza kutoka siku 90 hadi 180.

Naona ni jambo lisilofaa kabisa kuuza uwezo wa kujua kwamba umeibiwa kama nyongeza ya anasa. Lakini kwa kuwa soko liko hivyo, swali la kumbukumbu lazima liulizwe kabla ya kutia sahihi: zipi zinakuja na huduma, zipi zinalipiwa, zinakaa siku ngapi, na je, tunaweza kuzihamishia kwetu?

Umuhimu wake unaongezwa na saa inayohesabu. Chini ya GDPR, mkusanyaji akishajua kwamba taarifa binafsi zimevuja, ana saa 72 kuijulisha mamlaka, isipokuwa pale ambapo uvujaji hauelekei kuwaletea watu madhara. Mchakataji yeye anatakiwa amjulishe mkusanyaji bila kuchelewa kusiko na sababu, lakini sheria haijamtajia idadi ya saa. Mkataba ndio unaopaswa kuitaja. Kwa taasisi za fedha za Ulaya hali ni ngumu zaidi: sheria iitwayo DORA, iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2025, inataka taarifa ya kwanza ya tukio kubwa ndani ya saa nne baada ya kulitambua kuwa kubwa, na isipite saa 24 tangu taasisi ilipolijua. Saa hizo haziwezi kutosha kama namba ya simu uliyonayo ya mtoa huduma ni ya kitengo cha mauzo.

Faili liko nchi gani

Turudi kwenye lile jedwali la wateja. Mtoa huduma amekupa orodha ya maeneo uchague, ukachagua la karibu, ukapumua. Je, umetii sheria?

Nchi nyingi zina masharti kuhusu mahali taarifa za watu wake zinapokaa. Urusi tangu Septemba 2015 inataka taarifa za raia wake zihifadhiwe kwenye hifadhidata zilizo ndani ya nchi. Rwanda, kwa sheria yake ya mwaka 2021, inataka taarifa binafsi zihifadhiwe nchini isipokuwa mamlaka imetoa cheti cha kuruhusu vinginevyo. Ulaya haizuii data kutoka, ila inataka ziendako kuwe na ulinzi unaolingana na wake. Kuchagua eneo kunajibu sehemu ya swali tu. Kumbukumbu za malipo na za uendeshaji zinaweza kwenda eneo jingine. Fundi wa huduma kwa wateja aliye bara jingine akifungua skrini kukusaidia usiku, amezisoma data kutoka nje, na kisheria hilo linaweza kuhesabiwa kuwa zimesafirishwa. Mtoa huduma naye ana wakandarasi wake wadogo, na orodha yao hubadilika kwa tangazo ambalo hutumwa kwenye anwani ya barua pepe isiyosomwa na mtu.

Kisha kuna swali la serikali ipi ina mkono mrefu. Desemba 2013 waendesha mashtaka wa Marekani walipata hati ya mahakama kuitaka Microsoft itoe barua pepe zilizokuwa kwenye seva za Dublin. Microsoft ilikataa, ikasema hati ya Marekani haifiki Ireland, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ikakubaliana nayo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya Machi 2018 iitwayo CLOUD Act: kampuni iliyo chini ya mamlaka ya Marekani inaweza kulazimishwa kutoa data inazozishika popote zilipo, ikiwa na nafasi finyu ya kupinga pale sheria za nchi nyingine zinapogongana nayo. Kwa hiyo faili lako laweza kukaa kwenye jengo lililo nchi moja, chini ya sheria za ulinzi za nchi hiyo, huku kampuni inayolishika ikipokea amri kutoka nchi nyingine.

Wazungu wenyewe wamehangaika na mgongano huu kwa miaka. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilibatilisha makubaliano ya kwanza ya kupeleka data Marekani Oktoba 2015, ikabatilisha ya pili Julai 2020, na makubaliano ya tatu yalianza Julai 2023. Katikati ya vurugu hiyo, Mei 2023, Meta ilitozwa faini ya euro bilioni 1.2 kwa kuendelea kusafirisha data za watumiaji wa Facebook kwenda Marekani. Funzo la kiutendaji kwa mwanasheria wa taasisi ni kwamba uhalali wa mahali faili lilipo unaweza kubadilika kwa hukumu moja, bila faili kusogea hata hatua.

Njia ya kupunguza hatari hii ni kushika funguo za usimbaji mwenyewe. Hapa maneno ya mauzo huchanganya sana. Ukiambiwa utaleta ufunguo wako mwenyewe, mara nyingi maana yake ni kwamba utautengeneza wewe kisha utauweka kwenye kasha la mtoa huduma, na mifumo yake itautumia kila inapohitaji. Hilo linakupa uwezo wa kuuzima, jambo ambalo si dogo. Lakini kama ufunguo haujatoka mikononi mwako kabisa, mtoa huduma akipewa amri atatoa faili lisilosomeka. Gharama yake ni kwamba utafutaji, uchambuzi na huduma nyingi nzuri za wingu hazitafanya kazi juu ya data wasizoweza kuzisoma, na ufunguo ukiupoteza, umelipoteza faili. Sidhani kila data inastahili gharama hiyo. Rekodi za wagonjwa na ushahidi wa kesi zinastahili. Menyu ya kantini haistahili.

Cheti cha nani

Mkaguzi anakuja, anauliza mnalindaje data, na ofisa anamtolea kwa fahari cheti cha mtoa huduma cha ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, pamoja na ripoti ya SOC 2, ambayo mkaguzi huru huandika kuhusu udhibiti wa mtoa huduma. Mkaguzi mzuri atauliza swali la pili: na chenu?

Cheti cha mtoa huduma kinathibitisha upande wake wa mstari. Ripoti ya SOC 2 ina sehemu ambayo ni wachache sana wanaifikia, nayo inaorodhesha mambo ambayo mteja anatarajiwa kuyafanya mwenyewe ili udhibiti wote ukamilike: aondoe akaunti za waliokwisha kuacha kazi, awashe uthibitishaji wa hatua ya pili, apitie ruhusa mara kwa mara. Usipoyafanya, ripoti uliyoibeba inakushuhudia dhidi yako. Tazama pia kama ripoti inaeleza hali ya siku moja au utendaji wa kipindi cha miezi. Aina hizo mbili hufanana jalada tu.

Ukaguzi wenyewe umebadilika. Zamani mkaguzi aliingia chumba cha seva, akahesabu mashine, akapiga picha kufuli. Winguni seva zinaweza kuzaliwa asubuhi na kufa mchana, na hakuna mtoa huduma atakayefungulia milango maelfu ya wateja wake mmoja mmoja. Miongozo ya mamlaka ya benki ya Ulaya ya mwaka 2019 ilisisitiza kwamba haki ya kukagua lazima iwemo mkatabani, ila ikaruhusu taasisi kadhaa kuungana na kumkagua mtoa huduma kwa pamoja. Ni suluhisho la busara, na taasisi ndogo zenye mtoa huduma mmoja zingeweza kuliiga popote zilipo.

Kufuta, na kuondoka

Limebaki lile dai la mteja: nifuteni. Kwenye hifadhidata kuu ni amri moja. Kwenye nakala rudufu za siku 35 zilizopita si rahisi, kwa kuwa nyingi zimefungwa makusudi zisiguswe, ili mdukuzi asizifute. Kinga dhidi ya yaliyoikuta Code Spaces inagongana na haki ya kusahauliwa. Hapohapo sheria ya kodi au ya kuzuia utakatishaji fedha inaweza kukutaka utunze baadhi ya taarifa hizohizo kwa miaka. Njia inayotumika ni kuandika wazi muda wa kila nakala kufa yenyewe, kuhakikisha nakala ikirudishwa majina yaliyofutwa yanafutwa tena, na pale inapowezekana kumsimba kila mteja kwa ufunguo wake ili kufuta ufunguo kuwe ndiko kufuta data. Njia hii ya mwisho ina nguvu, lakini lazima ipangwe kabla mfumo haujajengwa.

Kuondoka kabisa kwa mtoa huduma ni kugumu zaidi, na ndipo mikataba mingi hunyamaza. Data zitatoka kwa mpangilio gani unaosomeka kwingine? Kwa siku ngapi baada ya mkataba kuisha bado mtaweza kuzichukua? Nani atathibitisha kwa maandishi kwamba nakala zote zimefutwa? DORA inazitaka taasisi za fedha ziwe na mpango wa kujitoa kwa huduma zinazobeba kazi muhimu, na mpango huo ujaribiwe. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 2025, inawalazimisha watoa huduma kurahisisha kuhama, na kuanzia tarehe 12 Januari 2027 hawataruhusiwa kutoza ada ya kuhama.

Jaribio lenyewe linaweza kuanza na faili moja. Lichukue lile jedwali la wateja elfu arobaini, litoe kwa mtoa huduma wa sasa, lifungue kwenye mazingira mengine yasiyohusiana naye, hesabu safu zake zote, kisha rudi ulikolitoa na uandike, kwa majina, kila nakala iliyobaki na siku itakayokufa. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza.